Gari Mbele ya Geti la Ndanu

Asubuhi ile gari lilikuwa la bluu. Jana yake lilikuwa jeupe, juzi yake pikapu iliyomwaga mchanga njiani, na Ndanu alikuwa amefika mahali pa kutouliza tena gari ni la nani. Alisukuma geti lake, ambalo lilifungukia nje kwa sababu mumewe alilitengeneza zamani, wakati mbele ya nyumba kulikuwa na nyasi tu na mbuzi wa watu. Likafunguka kiasi cha mtu kupita kiubavu, likagonga mlango wa lile gari, likakwama. Akalisukuma tena, safari hii kwa hasira, ili angalau liache alama.

"Mwaitu, wacha," sauti ikamjia kutoka nje. "Hata ukiikwaruza, kesho itakuja ingine."

Alikuwa Kamanthe, binti yake, anarudi kutoka zamu ya usiku kule kiwandani EPZ, alikokuwa akishona mifuko ya suruali ambazo zingevaliwa na watu wa Amerika. Macho yake yalikuwa mekundu. Alivuta tumbo ndani, akajipenyeza kati ya gari na ukuta, mkebe wake wa chakula ukikwaruza mawe.

"Kula kwanza," Ndanu akamwambia.

"Sitaki kula. Nataka kulala."

Kulala! Ndanu alitamani kucheka. Kamanthe alikuwa hajamaliza kuvua viatu mwenye duka la kanda alipofungua duka lake, na kufungua kwake hakukuwa kufungua mlango, kulikuwa kufungua spika mbili kubwa zilizotazama barabara. Kwenye steji makanga walikuwa wakipiga ubavu wa matatu kwa viganja. "Nai, Nai, Nai! Wawili, wawili twende!" Wawili hao walikuwa wakitafutwa tangu alfajiri na hawakuwa wamepatikana. Kamanthe alijifunika blanketi kichwani, akaliondoa kwa joto, akajifunika tena. Mwezi uliopita alisinzia kwenye cherehani na sindano ikamdunga kidole. Msimamizi hakumpa pole, alimpa onyo.

Haya yote yaliletwa na fleti za Wathome. Zilikuwa ghorofa nne, zimesimama baina ya nyumba yao na steji ya Athi River, na kwa kweli zilikuwa nzuri; Ndanu mwenyewe alizisifu zilipokuwa zikijengwa. Ramani iliyobandikwa kwenye mabati ilionyesha ghorofa ya chini ikiwa wazi, nguzo tupu, na vigari vidogo vimechorwa vimepangwa chini yake. Kisha siku moja mafundi wakaziba katikati ya nguzo kwa matofali, na mahali pa magari pakawa duka la kanda, saluni, kinyozi, na duka la vyakula la mama mmoja wa Kisomali aitwaye Waris. Magari hayakupotea kwa sababu yamenyimwa nafasi. Yalihamia barabarani. Na si ya wapangaji tu: wenye magari kutoka ndani ndani huko walikuwa wakija asubuhi, wanaacha magari palipo na upenyo, wanapanda matatu kwenda kazini Nairobi ili kuokoa mafuta, wanayachukua jioni. Upenyo mzuri kuliko yote ulikuwa mbele ya geti la Ndanu.

Lakini kilichomchoma zaidi hakikuwa hicho. Kilichomchoma ni kunyamaziwa. Wenye magari wale walikuwa na tabia moja, utadhani walifundishwa darasa moja. Ukimwendea mtu na kumwambia, "Baba, hapa ni kwangu," anapandisha kioo, anatazama mbele, na hasemi neno. Mmoja wao, mpangaji wa ghorofa ya pili waliyemwita Injinia, huwasha na redio. Mtu akikutukana, angalau amekuona. Ndanu alikuwa mke wa fundi mstaafu wa kiwanda cha saruji, mama wa kanisa, mtu wa watu, na kwenye barabara ya mlango wake alikuwa hewa.

Sasa Jumamosi ilikuwa inakuja, na Jumamosi watu wa Kithyoko walikuwa wanaleta mbuzi wa ntheo kwa ajili ya ndoa ya Kamanthe.

*

Kamanthe alikuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja. Hakuna aliyelitaja jambo hilo nyumbani, na kwa kuwa hakuna aliyelitaja, lilikaa nao mezani kila siku. Ndipo akapatikana Kyengo wa Kithyoko, mfanyabiashara wa embe na mbuzi, mtu mpole kwa maelezo ya Kaloki, baba yake Kamanthe, ambaye ndiye pekee aliyemwona vizuri. Ndanu hakumwona. Kijana alipokuja kujitambulisha wakati wa Krismasi, yeye alikaa jikoni amegeuzia mlango mgongo, kama inavyompasa. Hiyo ndiyo nthoni, na Mkamba haifanyii mzaha: mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mikono, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Ndanu alisikia kikohozi chake tu, akaridhika.

Ntheo ni mbuzi watatu na siku moja, lakini bila siku hiyo Kamanthe angezaa watoto kumi na Kyengo na bado akahesabiwa mgeni wa muda kule Kithyoko. Kwa hiyo Ndanu alimeza mate machungu, akaenda kwa Wathome.

Wathome alikuwa na ofisi chini ya ngazi za fleti, chumba cha meza moja na kiti kimoja. Kiti alikuwa amekikalia yeye. Ndanu akasimama.

"Mama, habari ya nyumbani?" Sauti yake ilikuwa laini, alikuwa mzee wa kanisa na alijua kuitumia. Simu yake ya mkononi ikalia kabla Ndanu hajajibu, akainua kidole, akazungumza kuhusu mabomba ya maji kwa muda mrefu na kucheka mara mbili. Ndanu akasoma kalenda ukutani hadi mwezi wa Desemba.

"Enhe, mama."

"Ni ile maneno ya geti. Niko na wageni Jumamosi. Siku moja tu, Mzee, uambie watu wako wasisimamishe gari hapo."

"Wageni gani?"

"Wa ntheo."

"Ala! Kamanthe amepata?" Wathome akaegemea kiti. "Mungu ni mwema. Tulikuwa tumeanza kuingiwa na wasiwasi."

Ndanu alihisi masikio yakiwaka moto. Akajizuia.

"Sasa mama, wapangaji wangu nitawaambia. Lakini hao wa kwenda Nairobi mimi siwajui, na barabara si yangu. Ni ya serikali."

"Ramani yako ilikuwa na mahali pa magari."

"Ramani ilipitishwa na wenye kupitisha." Hakukasirika hata kidogo. "Nikwambie kitu kama jirani? Huo uwanja wenu ni mkubwa kwa watu watatu. Niuzie kipande cha mbele, nipange magari hapo, geti lako lipumue. Ongea na mzee wako."

"Na hiyo muziki? Msichana wangu anafanya kazi usiku. Halali."

"Mama, nyumba iko karibu na steji. Watu wanalipa zaidi kuwa karibu na steji. Kelele iko ndani ya hiyo pesa." Akacheka, akijipenda.

"Mimi sijakulipa."

"Ndiyo maana huna wa kumlalamikia," Wathome akasema kwa upole ule ule, akashika simu.

Ndanu akatoka bila kuaga. Mlangoni mwa duka lake Waris alikuwa akipima sukari, akamwita, "Mama Kamanthe, karibu, leo iko mchele mzuri!" Ndanu akapita kana kwamba hakusikia. Alikuwa ameapa kwamba hata chumvi hatanunua katika jengo lile, na tangu siku ile alikuwa akitembea mpaka ng'ambo ya reli kutafuta kiberiti. Waris hakuwa amemkosea kitu. Lakini kiapo ni kiapo.

Kaloki alipoambiwa, alikuna kidevu. "Wacha tu. Siku ikifika wataondoka."

"Wataondokaje? Umewahi kuona wakiondoka?"

"Mama Kamanthe, utapandisha presha bure."

Ijumaa jioni Ndanu akakusanya mawe nyuma ya nyumba, akayapaka chokaa, akayapanga mstari mbele ya geti mwenyewe, huku makanga wakimpigia makofi. "Mathe amefungua kanjo yake!" mmoja akapaza sauti, akimfananisha na askari wa jiji wanaotoza maegesho, na steji nzima ikaangua kicheko.

*

Jumamosi alfajiri mawe mawili yalikuwa yameondoka. Moja alilikuta limewekwa nyuma ya gurudumu la matatu iliyoharibika breki. Lakini mbele ya geti palikuwa peupe! Ndanu akamshukuru Mungu kwa sauti, akarudi jikoni, ambako wanawake wawili wa jumuiya ya kanisa walikuwa wakimenya viazi. Wageni walitarajiwa saa sita. Kaloki alikuwa amekwenda Machakos mjini kumchukua kaka yake, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa nyumba. Kamanthe alikuwa saluni. Saluni yenyewe ilikuwa ile ya kwenye fleti, na hapo mama na binti walikuwa wamegombana kidogo, Kamanthe akamaliza kwa kusema, "Kiapo ni chako, nywele ni zangu."

Mpaka saa nne Ndanu alikuwa ametoka kuchungulia geti mara nyingi hata wale wanawake wakaanza kutazamana. Mara hii alikuwa na beseni mkononi, maji aliyooshea matumbo, anakwenda kuyamwaga mtaroni. Akalisukuma geti kwa goti. Likasogea kidogo tu, likakwama.

Pikapu ya rangi ya udongo ilikuwa imesimama mbele ya geti, kutoka nguzo hadi nguzo, magurudumu juu ya mawe yake ya chokaa. Nyuma ilifunikwa turubai. Ndani ya kichwa cha gari alikaa mwanamume mmoja, mkono dirishani, ametulia.

Ndanu akajipenyeza nje, beseni likimwagika lesoni.

"Wewe! Hapa ni mahali pa kuweka gari?"

Yule mwanamume aligeuka, akamwona anatoka getini, na papo hapo akageuza uso upande wa pili. Akavuta kofia yake mpaka puani. Hakusema neno.

"Naongea na wewe! Toa gari! Niko na wageni wa maana leo, wewe hujui?"

Mwanamume alishika ufunguo, gari likanguruma, likazima. Hata lingewaka lisingekwenda popote, kwa sababu Corolla ya Injinia ilikuwa imeshafika na kuliziba mbele, na nyuma kulikuwa na matatu. Basi akafanya jambo la ajabu: akateremka kitini, akajikunja chini ya usukani, kofia usoni, mgongo umemwelekea Ndanu, akiwa kama mtu anayetafuta sarafu sakafuni. Na mkono wake ukaanza kuzungusha kioo kupanda juu.

Kioo! Ndanu aliona vioo vyote vya mwaka mzima vikipanda kwa pamoja. Duka la kanda lilikuwa linapiga, makanga wanapiga mbinja, na ili ajisikie mwenyewe ilimbidi apige kelele kama mtu aliyeibiwa.

"Unanifungia kioo? Mimi? Ulimi wako umeliwa na nini? Nani alikuzaa wewe, mama yako alikuzaa barabarani ndio hujui geti ya mtu? Mbwa wewe usiye na kwao!"

Kioo kilikuwa kimefika nusu. Ndanu akainua beseni, akalimwaga lote ndani.

Juu kwenye roshani za fleti watu walikuwa wameshajaa, na kicheko kilichoteremka kutoka huko kilikuwa kikubwa. Mtu akapiga mluzi. Yule mwanamume chini ya usukani hakuinuka, hakufuta, hakusema. Maji ya matumbo yalichuruzika kutoka kwenye kofia yake hadi kwenye kola ya shati jeupe, jipya, lenye mikunjo ya kutoka dukani.

Na chini ya turubai mbuzi akalia.

Akalia mwingine. Wa tatu akatoa kichwa chake pembeni mwa turubai, jike jeusi lenye doa jeupe, akamtazama Ndanu. Shingoni alikuwa amefungwa utepe mwekundu.

Beseni likamtoka Ndanu mikononi.

*

Watu wa Kithyoko walikuwa wameondoka kwao gizani, wakaogopa kuchelewa, wakafika mapema mno. Na kwa kuwa si adabu kuingia kwa wakwe kabla ya saa, wazee watatu walivuka barabara kwenda hotelini kunywa chai, wakamwacha Kyengo alinde mbuzi. Walimwambia asimame karibu kabisa na geti, watu wa nyumba ile waone kwamba mbuzi wamefika. Mlangoni mwa hoteli, vikombe mkononi, waliona yote.

Kamanthe alifika mbio, taulo shingoni, dawa ya nywele bado nyeupe kichwani. Alimwona Kyengo akivuka barabara kuwafuata wazee wake, ananuka, haangalii nyuma. Alimwona mama yake akiwa ameketi kwenye kigoda jikoni, mikono magotini, na wale wanawake wawili wakimenya viazi ambavyo vilikuwa vimeshamenywa.

"Nilisikia sauti yako nikiwa saluni," Kamanthe akasema. "Nilisikia yote. Hata sikuinuka. Nilimwambia msusi, ni mama tu na magari yake."

"Hakuongea, Kamanthe! Angesema hata neno moja! Angesema mimi ni fulani."

"Angesemaje? Kwa mdomo gani? Si wewe ndiye mama mkwe?"

Ndipo jambo lenyewe lilipomwingia Ndanu sawasawa, na likamwingia kama maji baridi. Mtu yule alikuwa amegeuza uso kwa heshima. Alikuwa amevuta kofia kwa heshima, amejikunja chini kama mtoto kwa heshima, amepandisha kioo ili macho ya mama mkwe yasimguse. Heshima yote ambayo Ndanu aliililia barabarani mwaka mzima ilikuwa imekuja mpaka getini kwake, naye hakuijua kwa sura.

"Dawa inaniunguza," Kamanthe akasema, akaenda bombani. Alisikika akijimwagia maji kichwani kwa muda mrefu. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu kwa namna mbaya. "Wakiondoka, naenda zamu leo usiku. Niliomba ruhusa kazini kwa magoti, nitawaambia siihitaji tena."

Kaloki alirudi na kaka yake saa sita, wamevaa koti, na walipoambiwa walivua koti. Wakavuka barabara. Walikaa hotelini muda mrefu, na Ndanu akawatazama kupitia ufa wa geti, akaona mikono ya mumewe ikifunguka na kujifunga, akaona Ndambuki, ami yake Kyengo, mzee mrefu mwenye fimbo, akitikisa kichwa. Walikuwa wamempa Kyengo shati la mmoja wa wazee; lilikuwa fupi mikononi.

Kaloki aliporudi hakuketi.

"Walitaka kurudi kwao. Nimeomba, kaka ameomba. Mbuzi ya faini tutalipa, hiyo ni yetu wanaume, tutaitafuta. Lakini Ndambuki anasema maneno yalianguka barabarani, mbele ya watu. Yaokotwe hapo hapo, mbele ya watu hao hao. Na wewe mwenyewe."

"Mbele ya hao wa fleti?"

"Mbele yao."

"Baba Kamanthe, heri nilipe mbuzi kumi. Hao watu wananicheka kila siku. Wathome atatoka na kiti akae aangalie!"

"Pengine."

Ndanu akamtazama binti yake. Kamanthe alikuwa amefunga kitambaa juu ya nywele zilizoharibika nusu, na alikuwa akiupangusa mkebe wake wa chakula. Hakuwa akimbembeleza mama yake. Hilo ndilo lililomvunja Ndanu. Mtu anayebembeleza bado ana tamaa.

"Na nitaongeaje na yeye?" akauliza hatimaye. "Siwezi kumwambia kitu. Imekatazwa."

"Tafuta mdomo wa mtu. Asiwe wa kwetu, asiwe wa kwao."

Wale wanawake wa kanisa wote wawili walikuwa wa mbari ya Kaloki. Ndanu akasimama, akajifunga leso upya.

*

Waris alimwona akiinama kuingia dukani, akaweka chini kibaba cha kupimia.

"Leo umeingia."

"Nimeingia."

"Nikupimie nini?"

"Nataka unibebee maneno." Ndanu alitazama magunia ya mchele. "Sikuwa nikikuitikia. Si wewe nilikuwa nimekasirikia, ni huyu mwenye nyumba."

"Najua. Na mimi pia ananipandishia kodi." Waris alichomoa mtandio kwenye msumari. "Niliona yote, mama. Kwetu pia mama mkwe ni mtu mzito. Mimi wangu nilikaa miaka miwili kabla sijala mbele yake. Twende kabla hawajachoka."

Wakatoka. Wazee wa Kithyoko walikuwa wamesimama karibu na pikapu yao, na Kyengo nyuma yake, upande wa pili, ili gari liwe ukuta baina yake na mama mkwe. Ndanu akasimama upande wa getini, akiitazama turubai. Waris akasimama kwenye kichwa cha gari, mahali ambapo angewaona wote wawili. Kaloki na kaka yake wakavua kofia.

Ndanu akaanza, na sauti yake ikamezwa. Spika za duka la kanda zilikuwa zinatikisa vioo, makanga mmoja alikuwa ananing'inia mlangoni mwa matatu akiita Nairobi, basi la Mombasa lilikuwa likipiga honi barabara kuu. Waris akatega sikio. "Sijasikia, mama."

Akarudia. Ndambuki akakunja uso, akaweka kiganja sikioni.

Ndipo mtu kwenye roshani ya ghorofa ya pili, Injinia mwenyewe akiwa na fulana ya ndani, akapaza sauti: "Zima hiyo redio, bana! Hatusikii!"

Muziki ukakatika. Makanga akashuka mlangoni, akawafanyia wenzake ishara ya kidole mdomoni. Dereva wa matatu akazima injini, abiria wakatoa vichwa madirishani. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi, imezimwa. Wathome akaja mpaka mlango wa ngazi, na kweli alikuwa na kiti. Steji ya Athi River ikanyamaza mchana kweupe, ikawa kimya kiasi kwamba Ndanu alisikia mbuzi wakitafuna chini ya turubai.

Miezi na miezi alikuwa ameomba kimya hiki. Alikiomba kwa Wathome, kwa chifu, kwa Mungu, akikiombea usingizi wa mtoto wake, na kila mmoja alimwambia kwamba hakiwezekani. Kumbe kiliwezekana kwa neno moja. Kilikuwepo siku zote, kikingoja awe na aibu inayostahili kusikilizwa. Hasira ilimpanda Ndanu mpaka akaona giza, na kama si kitambaa cha Kamanthe alichokiona juu ya ukuta kwa pembe ya jicho, angewageukia wote, ghorofa kwa ghorofa.

Akapiga moyo konde.

"Waris," akasema, na sasa kila neno lilifika kwenye paa. "Mwambie mtu aliyeleta mbuzi. Mwambie nilimtukana, na kumtukana mama yake ambaye simjui, na kummwagia maji ya matumbo. Mwambie sikujua ni yeye. Lakini hata asingekuwa yeye, hayo si maneno ya mtu mzima. Mwambie kuna watu hapa wananifungia kioo kila siku, nikasahau kwamba mtu anaweza kunifichia uso kwa kuniheshimu. Mwambie binti yangu hakukosa kitu. Mwambie naomba msamaha."

Kwenye roshani mtu alianza kucheka, akagundua kwamba yuko peke yake, akaacha.

Waris akageuka upande wa pili wa gari, akayasema yote tena, polepole, bila kupunguza tusi wala maji. Ndambuki akasikiliza, kidevu juu ya fimbo. Kutoka nyuma ya pikapu kilisikika kikohozi, na sauti ya chini ya mwanamume, maneno machache.

Waris akamgeukia Ndanu.

"Anasema nikwambie," akasema, "yeye hakusikia kitu. Anasema mahali hapa pana kelele nyingi."

Ndanu alikuwa amempigia kelele mtu yule kwa umbali wa mkono mmoja, na steji nzima ilijua. Mzee Ndambuki akamtazama mpwa wake, akatazama chini, na mabega yake yakaanza kutikisika kidogo.

"Kama hakusikia," akasema hatimaye kwa Kaloki, "sasa sisi tumekaa hapa tukifanya nini? Fungua geti, ndugu yangu. Mbuzi wako na kiu."

Geti halikuweza kufunguka, kwa sababu ya gari. Wakawapitisha mbuzi kiubavu mmoja mmoja, jike jeusi kwanza, na wazee wakavuta matumbo ndani wakapita nyuma yao. Makanga akarukia mlango wa matatu. "Nai, Nai, wawili twende!" Spika zikafunguliwa, kubwa kuliko asubuhi. Ndanu alikimbilia jikoni kabla mkwe wake hajaingia, akaugeuzia mlango mgongo kama inavyompasa, akashika mwiko, na akalia kwa sauti yake yote, na hakuna mtu nyumbani mle aliyemsikia.